Kwa nini kompyuta za michezo huchemka? Somo la joto, vumbi na umeme kutoka Lubaga

Ifikapo saa mbili usiku katika mitaa ya Nateete na Ndeeba, kwenye tarafa ya Lubaga jijini Kampala, vyumba vingi vya vijana husikika mlio wa aina moja. Ni mlio wa feni ndogo zinazozunguka kwa nguvu zote ndani ya kompyuta mpakato, huku mwenye mashine akiwa katikati ya mchezo wa soka au wa mapambano.

Dakika ishirini za mwanzo huenda vizuri. Kisha picha huanza kukwama, mchezaji anabonyeza kitufe na mwanasoka wa kwenye kioo anachelewa kuitika, na kibodi inakuwa ya moto kiasi cha kuunguza vidole. Mara nyingine kioo huzimika ghafla bila onyo lolote.

Wengi huulaumu mchezo wenyewe, ama mtandao wa intaneti, ama virusi. Lakini mara nyingi chanzo ni kimoja: joto lililokosa njia ya kutoka.

Kwa wamiliki wengi wa mashine hizi suala hili halihusu burudani pekee. Kompyuta inayocheza usiku ndiyo hiyo hiyo ambayo asubuhi huhariri video za harusi na za kwanjula, huchora ramani za nyumba na hufanya kazi za chuo. Imenunuliwa kwa shilingi milioni kadhaa, aghalabu ikiwa imekwishatumika ng'ambo, na haina dhamana yoyote. Ikiungua, kinachopotea ni kitega uchumi cha familia.

Je, joto hili linatoka wapi, ni kiasi gani kilicho salama, na mtumiaji wa kawaida anaweza kufanya nini kabla hajampelekea fundi fedha zake?

Joto linatoka wapi

Ndani ya kompyuta ya michezo kuna vipande viwili vinavyozalisha joto kuliko vingine vyote. Cha kwanza ni kichakataji kikuu, kinachofanya hesabu na kuamua mambo. Cha pili ni kichakataji cha michoro, ambacho wengi hukiita kadi ya michoro, kinachochora kila picha inayoonekana kwenye kioo.

Vipande hivi vimejaa swichi ndogo mno, mabilioni kwa idadi, zinazofunguka na kufungwa mabilioni ya mara kila sekunde. Kila swichi inapobadilika hutumia chembe ya umeme, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Kompyuta haizungushi jiwe la kusagia wala haivuti maji kisimani; wati inazoingiza ndizo wati za joto inazopaswa kuzitoa.

Kiasi chake si kidogo. Vichakataji vikuu vya mashine za michezo hutengenezwa kwa matumizi ya msingi ya wati 45 au 55, na vingi huvuka wati 100 kwa muda mfupi vinapohitaji kasi kubwa. Kichakataji cha michoro cha aina ya RTX 4060 kinachowekwa kwenye kompyuta mpakato hutumia kati ya wati 35 na 115, kulingana na uamuzi wa mtengenezaji wa mashine.

Ukijumlisha, ni kana kwamba umewasha taa mbili au tatu za kizamani za wati 60 ndani ya kisanduku chembamba kama daftari, na joto lote hilo linachipuka kutoka eneo lisilozidi ukubwa wa stempu mbili za posta.

Ili litoke, joto hupita safari yenye vituo vinne. Kwanza huvuka tabaka jembamba la ute mzito wa kijivu ambao mafundi huuita pesti. Kisha huingia kwenye mirija bapa ya shaba, ikalisafirisha hadi pembeni mwa mashine, kwenye vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Mwishowe feni hupuliza hewa kati ya vibati hivyo na kulitoa nje.

Kituo kimoja kikiziba, safari nzima husimama. Pesti ikikauka, joto haliifikii shaba. Vibati vikijaa vumbi, hewa haipiti. Tundu la chini likizibwa na blanketi, feni haina cha kupuliza.

Nyuzi ngapi ni salama

Kompyuta mpakato ya michezo huwa ya moto kuliko ile ya ofisini, na hilo si ugonjwa. Jambo la kujua ni mpaka uko wapi.

Mashine ikiwa imetulia, yaani umefungua barua pepe au ukurasa wa habari, nyuzi joto kati ya 40 na 55 katika kipimo cha selisiasi ni za kawaida. Wakati wa mchezo mzito, kichakataji kikuu kinachozunguka kati ya nyuzi 75 na 90 kinafanya kazi yake, na kichakataji cha michoro kinachokaa kati ya nyuzi 65 na zaidi kidogo ya 80 hakina tatizo.

Watengenezaji wenyewe wameweka ukomo. Vichakataji vingi vya Intel vya kompyuta mpakato vina kikomo cha nyuzi 100. Vile vya AMD hutofautiana kulingana na kizazi, kati ya nyuzi 95 na 105. Vichakataji vya michoro huanza kujizuia mapema zaidi, vingi vikiwa bado havijafika nyuzi 90 au vikiwa vimezivuka kidogo tu.

Kugusa nyuzi 95 kwa sekunde chache, mchezo unapopakia, si jambo la kuogofya. Kinachopaswa kumshtua mmiliki ni mashine inayokaa kwenye kikomo chake kwa saa nzima, kila siku, au ile ambayo mwaka jana ilicheza mchezo fulani kwa nyuzi 80 na mwaka huu inaucheza ule ule kwa nyuzi 97. Mabadiliko ya namna hiyo yana maana kuwa njia ya joto imeanza kuziba.

Kupima hakuhitaji kifaa cha kununua. Programu ya bure ya HWiNFO huonyesha joto la kila kipande pamoja na kasi yake, na MSI Afterburner huweza kuandika namba hizo pembeni mwa kioo mchezo ukiendelea. Tangu mwaka 2020, Windows 10 yenyewe huonyesha joto la kadi ya michoro katika ukurasa wake wa Task Manager.

Zitazame namba mbili kwa pamoja: joto na kasi. Joto likipanda hadi kikomo na kasi ikaporomoka wakati huo huo, umempata mshukiwa. Kasi ikiporomoka ilhali joto liko nyuzi 70, tafuta sababu kwingine, kwa mfano chaja isiyo na nguvu ya kutosha.

Jinsi mashine inavyojitetea

Kompyuta za leo si rahisi kujiunguza kwa mara moja. Kichakataji kinapokaribia kikomo chake hujipunguzia kasi chenyewe ili kizalishe joto dogo zaidi. Hali ikizidi, mashine hujizima. Kule kukwama kwa picha ambako mchezaji hukuona kama usumbufu ni mashine kujiokoa.

Mwaka 2018 jambo hili lilizua mjadala duniani. Mwezi Julai mwaka huo, mtayarishaji wa video za teknolojia Dave Lee alionyesha kwamba kompyuta mpya ya MacBook Pro yenye kichakataji ghali zaidi ilikuwa ikipunguza kasi kwa sababu ya joto, na kwamba ilimaliza kazi ya kuhariri video kwa haraka zaidi alipoiweka ndani ya jokofu la kugandisha. Siku chache baadaye, tarehe 24 Julai, kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya programu na kukiri kuwa kulikuwa na kasoro katika mfumo wa kudhibiti joto.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kichakataji chenye nguvu zaidi hakina faida ikiwa mashine haiwezi kukipoza. La pili ni kwamba jokofu lilikuwa jaribio tu; mtu asilifanye nyumbani, kwa maana kompyuta baridi ikitolewa kwenye hewa ya Kampala yenye unyevu, matone ya maji huweza kujifanya ndani yake.

Kujitetea huko, hata hivyo, hakuzuii uchakavu wa polepole. Metali na plastiki hutanuka zinapopata moto na kusinyaa zinapopoa, na viungo vidogo vya lahamu vinavyoshikilia kichakataji kwenye bodi huchoka kidogo kidogo. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kugharimia matengenezo ya kompyuta mpakato ambazo vichakataji vyake vya michoro viliharibika kutokana na udhaifu wa malighafi zilizotumika. Mwaka mmoja kabla yake, Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya mashine zake za michezo za Xbox 360 zilizokuwa zikifa kwa wingi.

Makampuni hayo yalikuwa na mabilioni ya kufidia kosa. Kijana wa Lubaga hana.

Mwinuko, mabati na vumbi

Kampala imejengwa juu ya vilima, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwinuko huo huipa hali ya hewa ya wastani: alasiri nyingi hazizidi sana nyuzi 28 au 29, ilhali Dar es Salaam au Mombasa katika msimu wa kiangazi huvuka nyuzi 32 kwa unyevu mzito.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu kompyuta haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoivuta. Chumba kikiongezeka nyuzi tano, kichakataji nacho huongezeka karibu nyuzi tano. Katika hilo mkazi wa Lubaga ana nafuu kuliko ndugu yake wa Tandika au Likoni.

Lakini mwinuko hutoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Katika kimo cha Kampala hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya pwani, na jijini Nairobi, kwenye mita zipatazo 1,800, ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile, hupitisha hewa pungufu kwa uzito, na hivyo hubeba joto pungufu. Nafuu ya ubaridi ipo, ila si kubwa kama kipimajoto kinavyoonyesha.

Kisha yapo mabati. Nyumba nyingi za kupanga za Kabowa, Busega na Nateete zimeezekwa kwa bati lisilo na dari. Jua la Januari na Februari likilipiga bati hilo, chumba hupata joto kuliko kivuli cha nje, na dirisha moja dogo halitoshi kulitoa. Kucheza saa nane mchana katika chumba kama hicho na kucheza saa nne usiku ni mambo mawili tofauti kwa mashine ile ile.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni vumbi. Barabara za pembeni zisizo na lami, udongo mwekundu wa kiangazi, moshi wa magari na majiko ya mkaa huchanganyika na kuingia kila upenyo. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanzishwa mwaka 2015 kupima ubora wa hewa kwa vifaa vya bei nafuu, umeonyesha mara kwa mara kwamba chembechembe zilizomo katika hewa ya Kampala zinapita kwa mbali kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Hewa inayoingia kwenye mapafu ya mkazi ndiyo inayoingia kwenye feni ya kompyuta yake. Vumbi kavu peke yake lingepulizwa likatoka. Likichanganyika na mafuta ya moshi wa jikoni hushikamana na vibati vya shaba na kufanya utando.

Mwandishi wa makala haya alilijua hilo kwa gharama. Kompyuta aliyoitumia kutafsiri habari na kuhariri sauti katika chumba cha kupanga, hatua chache kutoka barabara ya vumbi huko Lubaga, ilianza kujizima katikati ya kazi baada ya miaka miwili. Alibadilisha mfumo endeshi, kisha akanunua chaja mpya. Fundi alipoifungua, alikuta utando wa kijivu kama kipande cha blanketi umefunika vibati vyote upande wa ndani wa feni. Kazi ya kuusafisha ilichukua nusu saa na iligharimu sehemu ndogo tu ya fedha zilizokwisha kutumika kwa kubahatisha.

Funzo la Wakaliga

Lubaga ina historia yake katika suala la kuzilazimisha kompyuta kufanya kazi kubwa katika mazingira magumu. Katika mtaa wa Wakaliga, ndani ya tarafa hii, ndiko iliko studio ya Ramon Film Productions ya mwongozaji Isaac Nabwana, inayojulikana duniani kwa jina la Wakaliwood.

Filamu yake ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, inayotajwa kuwa ilitengenezwa kwa chini ya dola 200, ilihaririwa kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kutokana na vipuri vikuukuu. Nakala ya awali ya filamu hiyo haipo tena. Toleo linalotazamwa leo na mamilioni ya watu mtandaoni ni lile lenye sauti ya msimulizi VJ Emmie. Filamu nyingine ya studio hiyo, Bad Black ya mwaka 2016, ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest nchini Marekani.

Kuhariri filamu na kucheza mchezo mzito huichosha kompyuta kwa namna inayofanana: vichakataji vyote viwili hufanya kazi kwa nguvu zote, kwa saa nyingi mfululizo. Studio ya Wakaliga imethibitisha kuwa mashine duni inaweza kufanya kazi kubwa ikiwa mwenyewe anajua kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena. Imethibitisha pia, kwa nakala ile iliyopotea, kwamba kazi iliyohifadhiwa mahali pamoja si kazi salama.

Umeme nao una sehemu yake

Tarehe 1 Aprili 2025, kampuni ya serikali ya UEDCL ilichukua usambazaji wa umeme nchini Uganda kutoka kwa Umeme, baada ya mkataba wa miaka 20. Kwa mchezaji, jina lililo kwenye bili si hoja kubwa kuliko swali la iwapo umeme utakatika katikati ya mchezo.

Umeme ukikatika, kompyuta huhamia kwenye betri na kupunguza nguvu ya kadi ya michoro papo hapo. Betri kubwa kabisa za mashine hizi huwa chini kidogo ya wati-saa 100, kiwango kinachoruhusiwa ndani ya ndege bila kibali maalumu. Mashine ikitumia wati 150, betri hiyo isingefika dakika 40. Ndiyo maana mtengenezaji huizuia isijaribu.

Hatari iko pale umeme unaporudi kwa kishindo, au jenereta inapotoa nguvu inayopanda na kushuka. Chaja hupata moto zaidi, nayo ikiwa imelazwa juu ya godoro huchemka pamoja na mashine. Kifaa cha kudhibiti nguvu ya umeme ni kinga inayostahili gharama yake. Kadhalika, chaja ya badala lazima iwe na wati zile zile za awali: kompyuta iliyouzwa na chaja ya wati 180 haitashiba kwa ya wati 90.

Hatua za kuchukua, kuanzia zisizo na gharama

Hatua ya kwanza ni kuinua sehemu ya nyuma ya kompyuta kwa sentimita mbili au tatu. Vifuniko vya chupa za soda vilivyopangwa pembeni, au vitabu viwili vilivyoachwa na nafasi katikati, vinatosha. Mashine nyingi huvuta hewa kutoka chini, na pengo hilo dogo laweza kushusha nyuzi kadhaa. Kitanda, mto na mapaja viepukwe kabisa.

Hatua ya pili ni kuweka ukomo wa idadi ya picha kwa sekunde. Kioo chenye uwezo wa kuonyesha picha 60 kwa sekunde hakinufaiki kadi ikichora 140. Themanini zilizobaki ni joto tupu. Michezo mingi ina mpangilio huu ndani yake, na programu za watengenezaji wa kadi pia huutoa.

Hatua ya tatu ni kupunguza mapambo ya picha. Vivuli na miale ya mwanga ndivyo vinavyokula nguvu zaidi, na kushuka daraja moja mara nyingi hakuonekani kwa macho ya mchezaji aliye katikati ya mechi.

Hatua ya nne ni kukizuia kichakataji kikuu kisikimbie kupita kasi yake ya msingi. Katika mipangilio ya kina ya umeme ya Windows, kuna sehemu inayoweka kiwango cha juu cha matumizi ya kichakataji. Ukishusha kutoka asilimia 100 hadi 99, mashine nyingi huacha kutumia kasi ya ziada, na joto hushuka sana. Michezo inayotegemea zaidi kadi ya michoro huathirika kidogo tu. Asiyeuona mpangilio huo anaweza kuchagua hali ya utulivu katika programu iliyokuja na kompyuta yake.

Hatua ya tano ni kuchagua saa. Katika nyumba ya bati, mchezo mzito ungoje jioni, na dirisha liwe wazi. Feni ya chumbani ielekezwe kwenye mashine, wala si kwa mchezaji peke yake.

Meza za feni zinazouzwa madukani husaidia, hasa kwa mashine zenye matundu mapana chini. Lakini haziponyi mashine iliyojaa vumbi ndani; huipulizia hewa ukuta uliozibwa.

Wakati wa kuifungua

Katika mazingira ya vumbi kama ya Lubaga, ni busara kuisafisha kompyuta ya michezo kila baada ya miezi sita, na wakati mzuri ni kiangazi kinapokwisha. Mashine izimwe, chaja itolewe, na betri ichomolewe kwenye bodi kabla ya kugusa kitu kingine.

Feni ishikiliwe kwa kidole au kijiti isizunguke wakati wa kupulizwa, kwani upepo mkali huizungusha kupita uwezo wake na kuharibu mhimili. Brashi laini ya rangi ndiyo ya kuondolea utando ulioganda. Pampu ya upepo ya kituo cha mafuta au ya kuoshea pikipiki isitumike: ina nguvu kupita kiasi, na upepo wake hubeba matone ya maji.

Pesti hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, au joto linapopanda ingawa vibati ni visafi. Ya zamani hufutwa kwa spiriti safi, na mpya huwekwa kidogo tu, kadiri ya punje ya kunde. Wingi wake si ubora.

Jambo moja la tahadhari: baadhi ya mashine za bei ya juu hutumia metali ya majimaji badala ya pesti ya kawaida. Metali hiyo hupitisha umeme, na tone moja likidondoka kwenye bodi laweza kuiua. Mmiliki amuulize fundi, kabla bisibisi haijaguswa, kama amewahi kuishughulikia aina hiyo.

Betri na mwili wa mtumiaji

Joto huzeesha betri za lithiamu haraka kuliko karibu kitu kingine chochote, hasa betri ikiwa imejaa muda wote. Kwa anayecheza akiwa ameunganisha chaja, mpangilio wa kusimamisha kuchaji kwenye asilimia 80, unaopatikana katika mashine nyingi za sasa, huongeza umri wa betri.

Ukiona kibodi imetuna, kifuniko hakifungi sawasawa au kipanya cha kugusa kimekuwa kigumu, acha kuitumia mashine mara moja. Betri iliyovimba haitobolewi, haibanwi wala haichajiwi. Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliagiza kurejeshwa kwa betri zaidi ya milioni nne zilizotengenezwa na Sony kwa sababu ya hatari ya moto. Hatari hiyo si hadithi.

Ngozi nayo huumia. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha ripoti ya madaktari wa Uswisi kuhusu mvulana wa miaka 12 aliyepata mabaka kwenye paja baada ya miezi kadhaa ya kucheza michezo akiwa amepakata kompyuta. Joto lisilotosha kuunguza kwa mara moja linaweza kuacha alama likirudiwa kila siku. Mzazi anayemwona mtoto amepakata mashine inayovuma ana sababu ya kumhamishia mezani.

Kabla ya kununua iliyotumika

Maduka ya katikati ya jiji huuza kompyuta nyingi za michezo zilizotumika, zikiwa zimefutwa vizuri kwa nje. Mnunuzi aombe jambo moja: kuiendesha mashine kwa kazi nzito kwa dakika 20 huku programu ya kupima joto ikiwa wazi.

Mashine nzima itapanda, itatulia chini ya kikomo chake, na kasi itabaki karibu pale pale. Yenye matatizo itafika kikomoni ndani ya dakika chache na kasi yake itaporomoka. Aweke mkono kwenye tundu la kutolea hewa: upepo wa moto na wa nguvu ni ishara njema, kwa sababu joto linatoka. Upepo hafifu ilhali feni inapiga kelele ni dalili ya vumbi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kutoa jibu.

Ikiwa dosari ni vumbi au pesti peke yake, mnunuzi anaweza kupunguziwa bei na kuitengeneza. Ikiwa mashine inazimika hata baada ya kusafishwa, au inaonyesha mistari na rangi za ajabu kwenye kioo, uharibifu huenda umefika kwenye kichakataji chenyewe, na hapo nafuu ya bei haina maana.

Kwa aliye na mashine tayari, kipimo cha leo ndicho cha kuanzia. Aandike joto la mchezo anaoupenda, tarehe na saa, kisha arudie baada ya miezi mitatu. Namba zikipanda, ajue vumbi limeanza kazi yake, naye ana muda wa kuliwahi.